Moto wa Haiti, Bati la Gerezani

Usiku ule nilitetemeka mpaka kitanda kikalia. Mdomoni nilikuwa na ladha tamu ya ajabu, kama mtu aliyenyonya sarafu. Kiu haikatiki, viungo vinauma utadhani nimeshinda bandarini nikibeba magunia. Mke wangu akasema ni malaria, nami nikasema ni malaria, kwa maana huku kwetu homa ya usiku haina jina jingine. Asubuhi nikaenda zahanati, wakanitoboa kidole, kipimo kikatoka safi. Kufikia jioni homa ilikuwa imeondoka yenyewe.

Hakuna aliyeniuliza mchana wa jana yake nilikuwa nafanya nini. Ningeulizwa ningejibu kweli: nilikuwa uani, nachoma bati.

Nilikuwa nataka kutengeneza pambo la ukutani, jani kubwa la mgomba lenye ndege wawili, na wazo lenyewe nililitoa Haiti. Waliowahi kuona picha za kazi za chuma za Croix-des-Bouquets, mji ulio karibu na Port-au-Prince, wataelewa tamaa iliyonishika: samaki wenye nyuso za watu, miti yenye ndege kila tawi, malaika wenye mikia, vyote vimekatwa kwenye bati moja kwa nyundo na patasi. Kazi hiyo ilianzia kwa mhunzi mmoja, Georges Liautaud, aliyezaliwa mwaka 1899 na ambaye alikuwa akifua misalaba ya kuwekwa makaburini. Mwaka 1953 misalaba hiyo ilimvutia DeWitt Peters, Mmarekani aliyeanzisha kituo cha sanaa cha Centre d'Art mjini Port-au-Prince mwaka 1944, naye akamshawishi mhunzi ajaribu sanamu. Liautaud alifariki mwaka 1991, na kabla hajaondoka alikwishafuatwa na wengine: Murat Brierre, Gabriel Bien-Aimé, Serge Jolimeau. Kwa miaka mingi aliyeingia mtaa wa Noailles mjini Croix-des-Bouquets alipokewa na mlio wa nyundo.

Malighafi yao ni pipa la mafuta la lita 200, lile lile ambalo sisi tunahifadhia maji au kulikata majiko. Linafika likiwa limepakwa rangi nje, na mara nyingi lina utando wa kinga ndani, mbali na mabaki ya kilichokuwamo. Mafundi wa Noailles hung'oa vifuniko vya juu na chini, hulijaza pipa majani makavu ya migomba au mabua ya miwa, halafu huwasha. Pipa huungua ndani na nje. Likishapoa hulipasua ubavuni, hulikanyaga na kuligonga mpaka lilale kama mkeka. Mduara wa pipa lenye upana wa sentimita 57 hivi, ukiunyoosha, ni kama mita 1.8, na urefu wake hukaribia sentimita 90. Hiyo ndiyo turubai yao. Huchora kwa chaki, hukata kwa patasi, mwisho hupaka vanishi. Umeme hauhitajiki, dawa ya dukani haihitajiki.

Nami nikaiga moto, nikasahau pipa.

Nilichokuwa nacho ni kipande cha bati la kuezekea, la rangi ya buluu, kilichobaki jirani alipomaliza paa lake. Nikakilaza juu ya jiko la mkaa, nikaelekeza feni. Rangi ikavimba, ikanuka, ikawa mkaa, na mpaka hapo nilijiona fundi. Kisha ukazuka mwali wenye ukijani na ubuluu, na kufuatia mwali huo moshi mweupe uliobeba vinyuzi vyepesi kama pamba ya msufi. Niliinama kuangalia vizuri. Bati lilipotoka lilikuwa limejikunja kama sikio la tembo, lina madoa ya manjano ambayo nilidhani ni rangi iliyobaki, na nilipogeuka kuchukua brashi ya waya na kurudi, madoa yale yalikuwa meupe.

Manjano iliyogeuka nyeupe ndiyo ilikuwa jibu, ila wakati ule sikujua kuisoma.

Tuanze na pipa, maana ndilo rahisi. Kwa kawaida pipa la mafuta ni chuma kitupu kilichopakwa rangi. Rangi ni unga wa kutia weusi au wekundu ulioshikwa na gundi ya kiwandani, na gundi hiyo, hata iwe ngumu vipi, asili yake ni kaboni kama lilivyo jani la mgomba. Joto likipita nyuzi 300 hivi inaanza kuvunjika, halafu inakuwa masizi ya kufutwa. Chuma chenyewe hakiyeyuki mpaka karibu nyuzi 1,500. Kati ya namba hizo mbili kuna uwanja mpana sana, na fundi wa Haiti anacheza humo bila kipimajoto. Tena pipa lina unene wa takriban milimita moja: likipinda kwa joto, nyundo inalirudisha. Na moto ukishaondoa rangi unaacha weusi wa oksidi juu ya chuma, weusi ambao wao wanaupenda na kuufunika kwa vanishi.

Bati la paa ni kiumbe kingine. Kati ya rangi na chuma kuna zinki. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 na huchemka kwenye nyuzi 907, na mkaa unaopulizwa na feni unafika huko bila taabu. Ikichemka inapanda kama mvuke, inakutana na hewa, inawaka, inakuwa oksidi ya zinki: ile pamba nyeupe. Oksidi hiyo ina tabia moja inayoitambulisha mahali popote, kwamba ikiwa ya moto ni ya manjano na ikipoa inakuwa nyeupe. Chembe zake ni ndogo mno, zinashuka hadi mwisho wa mapafu, na saa kadhaa baadaye mwili unajibu kwa baridi kali, homa, kiu na ile ladha ya chuma mdomoni. Ndani ya siku moja au mbili inaisha. Wachomeleaji wanaijua vizuri. Kwa Kiingereza wengine huiita homa ya Jumatatu, kwa sababu mwili huzoea moshi katikati ya wiki, husahau mazoea hayo mwishoni mwa wiki, na siku ya kwanza kazini hulipa. Wengi pia hunywa maziwa kabla ya kuchomelea wakiamini yanazuia. Maziwa ni mazuri kwa mambo mengi, lakini yanaenda tumboni, na moshi unaenda mapafuni.

Kwa hiyo fundi wa Haiti na mimi tulitumia moto ule ule juu ya vitu viwili tofauti. Kosa langu lilianza kabla ya kiberiti.

Wiki iliyofuata nilikwenda Gerezani, Dar es Salaam, kwa fundi bati mmoja mzee ambaye amekaa kwenye mikebe na karai tangu mimi sijavaa suruali ndefu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Nikamweleza yote, nikamwonyesha sikio langu la tembo. Akalipindua mara moja.

"Mwanangu, kabla hujalivua, uliliuliza limevaa nini?"

Akachukua kipande kingine, akakikwaruza kona kwa tupa, akakielekeza kwenye jua. Macho yake yanatosha. Yangu hayatoshi, kwa hiyo nikatafuta kipimo changu, na nilikipata kwenye duka la pembejeo: mrututu, ule ule ambao wakulima huchanganya kupulizia kahawa na nyanya. Kwaruza rangi kwenye kona mpaka uone metali inayong'aa, yeyusha punje chache za mrututu kwenye maji, dondosha tone. Chini kukiwa na zinki, tone linageuka jeusi papo hapo, kwa sababu zinki inaisukuma shaba iliyomo kwenye mrututu itoke majini kwa haraka hata ikajishika ovyo kama masizi. Chini kukiwa na chuma kitupu, shaba inatua taratibu, nyekundu, imeshika vizuri, kama uso wa senti ya zamani. Kipimo cha shilingi chache, na kingeniokoa usiku mzima wa kutetemeka. Nawa mikono baada yake, na usimwage mabaki kwenye mfereji unaoelekea mtoni, maana shaba inaua samaki.

Siku hizi kuna pia bati la aina ya tatu, la mchanganyiko: kwa uzito asilimia 55 ni alumini, asilimia 43.4 ni zinki, kilichobaki ni silikoni. Maua yake ni madogo na yanameremeta kifedha, tofauti na maua makubwa ya bati la zinki tupu. Kwa kazi ya sanaa mimi naliacha. Alumini ina ukaidi wake, na dawa inayotoa alumini hailingani na inayotoa zinki.

Sasa rangi. Rangi ya bati la kiwandani imeokwa kwenye tanuri, na inadharau vitu ambavyo vingetoa rangi ya geti lako. Geti hupakwa rangi ya mafuta, na gundi ya rangi hiyo imeungwa na mafuta ya mimea. Kostiki, ile wanayotumia kina mama kutengeneza sabuni ya miche, inaivunja kwa njia ile ile inayovunja mawese: inaigeuza sabuni. Gramu mia moja ndani ya lita moja ya maji, kwenye ndoo ya plastiki, glavu na miwani vikiwa vimevaliwa, kostiki ikitiwa kwenye maji na kamwe si maji kwenye kostiki, na rangi ya mafuta ya kale inavimba na kulainika ndani ya saa chache. Magadi yaliyochemshwa hufanya kazi hiyo hiyo kwa upole na kwa muda mrefu zaidi.

Niliposhawishika kutumia kostiki kwenye bati la buluu, rangi haikujali. Kilichojali ni zinki. Penye mikwaruzo palianza kutoa viputo, kostiki ikapenya chini ya rangi ikila kilichokuwa kinaishika, na asubuhi rangi ilitoka vipande vipande kama gamba la nyoka, ikiacha chini uso wenye vidonda. Kwenye pipa kostiki ni rafiki. Kwenye zinki ni mwizi, na kwenye alumini ni jambazi, maana inaila mbele ya macho yako na kutoa hidrojeni.

Zipo pia dawa za dukani za kutoa rangi zenye diklorometeni. Zinafanya kazi, tena haraka. Kioevu hicho huchemka kwenye nyuzi 40, mvuke wake ni mzito kuliko hewa na hujaa chini kwenye chumba kilichofungwa, na mwili ukishauvuta huugeuza kaboni monoksidi ndani ya damu. Watu wamefia bafuni wakikwangua rangi ya beseni la kuogea. Marekani ilipiga marufuku kuwauzia wateja wa kawaida dawa hizo za kutoa rangi mwaka 2019. Kama kopo halisemi lina nini, lirudishe.

Kwa bati la paa nimebaki na msasa. Neno lenyewe lina historia ya kupendeza: msasa ni mti, jamii ya mkuyu, wenye majani ya kukwaruza kiasi kwamba maseremala walisugulia mbao kabla karatasi ya dukani haijafika, na karatasi ilipofika ikarithi jina. Tumia msasa wa maji, namba 120 kisha 240, na uloweshe. Ukavu unapeperusha vumbi, na rangi ya zamani, hasa ya manjano na ile nyekundu ya kuzuia kutu, huenda ikawa na risasi. Grinda mwachie fundi: bati la geji 30 halifiki hata nusu milimita, na diski ikikaa sekunde mbili mahali pamoja, bati linabonyea kwa joto na haliinuki tena.

Zinki yenyewe nilipoamua kuitoa, niliitoa kwa siki. Hapa ndipo nilipojifunza zaidi, kwa hiyo mnivumilie na hesabu.

Siki ya mezani ina tindikali kama asilimia tano. Kila lita moja, ikifanya kazi mpaka tone la mwisho, inaweza kuyeyusha zinki gramu 27 hivi. Bati zito la zinki, lile la daraja la gramu 275 kwa mita ya mraba pande zote mbili zikijumlishwa, lina utando wa takriban sehemu mbili za mia za milimita kila upande. Kipande changu kilikuwa sentimita 20 kwa 30, yaani mita za mraba 0.06. Zidisha: gramu 16 na nusu za zinki. Gawanya: siki isiyopungua mililita 600. Nilikuwa nimemimina kikombe kimoja, nikakaa siku mbili nikishangaa kwa nini kazi imesimama. Siki ilikuwa imekufa. Nilipobadilisha, viputo vikarudi.

Viputo hivyo ndivyo saa yako. Ni hidrojeni, na inatoka kwa nguvu zinki ikiwapo. Ikiisha, mchemko unatulia ghafla na uso unageuka kijivu cha kiza. Maabara zinazopima uzito wa zinki kwenye mabati hutumia ishara iyo hiyo: hutumbukiza kipande kwenye tindikali ya chumvi iliyotiwa dawa ya kulinda chuma, husubiri viputo vikome, hupima kabla na baada. Fundi wa uani anaweza kujiamini kwa kipimo hicho. Afanye kazi nje, asivute sigara hapo, wala asichanganye tindikali yoyote na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, maana mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini. Maji ya betri ya gari nayo yanakula zinki, lakini ya betri iliyotumika yana risasi ndani yake, kwa hiyo sitamshauri mtu.

Nilipomsimulia mzee wa Gerezani habari ya viputo, alicheka, akanionyesha chupa yake ndogo iliyozibwa kwa gunzi. Ndani mna tindikali aliyoilisha vipande vya bati la zinki mpaka ikashiba na kuacha kuchemka. Wao husema wameiua. Ndiyo dawa anayopaka kabla ya kulehemu kwa risasi, ili risasi ishike. Nilichokuwa nakimwaga mimi kama uchafu kina nduguye mkali zaidi, ambaye yeye anamtengeneza makusudi na kula naye ugali.

Ukishatoa kipande kwenye siki una dakika chache tu. Chuma kilichovuliwa hakina haya: kinashika kutu mbele yako, chungwa hafifu, kabla hujapata kitambaa. Suuza, chovya kwenye maji ya magadi kuua tindikali iliyobaki, suuza tena kwa maji ya moto ili kikauke kwa joto lake, paka mafuta au vanishi hapo hapo. Mimi cha kwanza nilikianika juani nikaenda kula. Niliporudi ndege wangu wote wawili walikuwa na kifua chekundu, na mwanangu akanipongeza kwa kupaka rangi.

Halafu kuna swali ambalo nilipaswa kuanza nalo: kulikuwa na haja gani ya kutoa zinki? Nilitaka weusi wa Haiti, na weusi ule unakaa juu ya chuma, haukai juu ya zinki. Hiyo ni sababu. Kuchomelea ni sababu nyingine, na hapo inatosha kuvua pembeni mwa mshono. Lakini aliyetaka tu kupaka rangi mpya hana sababu. Asugue kwa msasa mwepesi, afute kwa siki, asuuze, apake. Zinki ni kinga iliyolipiwa kiwandani, hata ikikwaruzwa inajitoa mhanga kwa kuliwa kabla ya chuma. Kuivua ili uweke rangi ni kubomoa ukuta ili upake chokaa.

Kopo la maziwa ya unga na debe la mafuta sina mengi ya kusema juu yayo. Hayo hayana zinki, yana stani, utando mwembamba mno kuliko wa zinki, na stani huyeyuka kwenye nyuzi 232 tu, kwa hiyo moto wowote unaiharibu. Michoro ya nje inatoka kwa thina na subira, au unaigeuzia ndani kama wanavyofanya watengeneza vibatari. Stani yenyewe iache. Ndiyo inayopokea risasi ya kulehemu vizuri kuliko metali yoyote utakayoikuta jalalani.

Mara ya tatu nilinunua pipa. Nilimuuliza muuzaji lilikuwa limebeba nini, nikachagua lililobeba mafuta ya kula, kwa sababu pipa la dawa ya shambani halichomwi wala halikatwi, na lenye mabaki ya petroli huweza kulipuka ukiligusa kwa grinda. Nililijaza majani ya migomba kutoka kwa shangazi yangu Mbezi. Tone la mrututu kwenye kona lilikuwa limetua jekundu.

Nawe ukichoma bati mchana na usiku ukashikwa na baridi, fika zahanati, upimwe malaria kama kawaida, lakini mwambie daktari kwamba ulichoma bati. Mwambie kabla hajauliza, maana hatauliza.